Kamba ya Nyuma

Kigari kilikuwa cha mbao tatu za mkaratusi, misumari iliyonyooshwa kwa jiwe, na beringi nne ambazo mvulana aliziomba kwa mafundi wa magari pale Kebirigo kwa wiki mbili, akipita gereji moja baada ya nyingine kila jioni akitoka shule. Beringi za nyuma zilikuwa kubwa, za mbele ndogo. Ubao wa mbele ulizunguka juu ya nati moja, na kamba ya katani iliyofungwa ncha zake mbili ndiyo ilikuwa usukani. Breki ilikuwa kisigino cha ndala. Nyuma, kwenye msumari uliopindwa, palifungwa kamba nyingine, ndefu, iliyoshikwa na binamu yake wa miaka 17. Huyo alikimbia nyuma ya kigari mteremko mzima, akiivuta kila kona ilipokaribia.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa shamba la chai la dada yangu, nikitazama. Mvulana huyo, mpwa wangu, alikuwa na miaka 11. Watoto wengine walipopewa zamu walifika kwenye kona wakashtuka, wakaburuta kisigino, vumbi likatimka, kigari kikalala upande. Yeye alianza kuinamisha bega kabla kona haijafika. Macho yake hayakuwa kwenye gurudumu. Yalikwisha kutangulia kule barabara inakotokea tena, nyuma ya ua wa michongoma. Hakuna aliyemfundisha hilo.

"Mjomba, umeniona?" aliniuliza akihema, kigari kikiwa begani.

"Nimekuona. Haya, nenda ukamsaidie mama yako kubeba majani."

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojibiwa mimi nikiwa na umri wake. Kwetu Gusii, hapa Kenya, mtoto hasifiwi usoni. Sifa humvimbisha kichwa, wazee walisema, na mtoto aliyevimba kichwa hatumwi akatumika. Wageni waliliona jambo hili mapema. Robert LeVine na Barbara LeVine, Wamarekani waliokuja kuishi Gusii katikati ya miaka ya 1950 kuchunguza namna tunavyolea, waliliandika katika kitabu chao kiitwacho Nyansongo, kilichotoka mwaka 1966. Waliandika pia jinsi mama wa Gusii anavyomweka mtoto mchanga karibu na mwili wake, anavyomkimbilia alipo mara tu anapolia, na jinsi anavyomkabidhi kwa msichana mdogo wa nyumba hiyo, omoreri, ambaye kazi yake ni kumbeba mtoto na kumwondolea hatari wakati mama yuko shambani. Kwa mama huyo, wajibu wa kwanza wa malezi ulikuwa mmoja: mtoto asife. Kuzungumza naye, kumsifu, kumwuliza anapenda nini, hayo yangesubiri, na mara nyingi hayakufika.

Sidhani mama zetu walikosea. Walilea wakati surua na malaria vikipita nyumba hadi nyumba. Neno lenyewe omoreri lina undugu wa wazi na neno mlezi la Kiswahili, na kazi linaloitaja ni ya mikono: kubeba, kushika, kutoachilia. Nina shaka moja tu. Tulimfundisha omoreri kumshika mtoto asiyeweza kutembea, lakini hatukuwa na jina la yule anayemshika mtoto anayekwenda kasi kuliko sisi.

Au pengine tulikuwa nalo, tukalisahau. Mwezi wa Desemba wavulana wanapotahiriwa na kuingia ndani, omware, yaani mvulana aliyetahiriwa, haachwi peke yake. Yupo omosegi, kijana aliyetangulia kupita njia hiyo, ambaye hulala naye, humwonyesha namna ya kukaa na kidonda, na huhakikisha moto wa nyumba ile hauzimiki. Omosegi hakatwi badala ya omware, na maumivu ya mwenzake hawezi kuyabeba. Yeye anakaa hapo. Nitarudi kwake.

Miaka michache baadaye mpwa wangu huyohuyo ndiye aliyenitajia jina la Oscar Piastri. Alikuwa ametazama mbio za magari ya langalanga kwenye kibanda cha video sokoni, akakariri kila kitu kama wenzake wanavyokariri wachezaji wa Arsenal. Nilisikiliza kwa sikio moja. Baadaye, baada ya mambo nitakayoyasimulia, nilitafuta habari za dereva huyo mwenyewe, na sasa nazijua vizuri kuliko nilivyotarajia.

Piastri alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 6 Aprili 2001. Baba yake, Chris, ni mtu wa magari kwa riziki: kampuni yake inatengeneza programu za kompyuta za kurekebisha utendaji wa injini. Siku moja alirudi kutoka safari ya kikazi Marekani na kigari cha kuchezea kinachoongozwa kwa rimoti. Mtoto akakishika, asikiachie. Kufikia miaka 9 alikuwa akishindana na watu wazima katika mashindano ya vigari hivyo ya ngazi ya taifa. Kisha akaingia kwenye karti, vile vigari vya chini vyenye injini ndogo visivyo na paa wala milango, ambavyo karibu kila dereva wa langalanga ameanzia. Alikwisha kufika miaka 10.

Nimelitafakari sana hilo la kwanza, mtoto na rimoti. Katika kigari cha rimoti, mtoto amesimama pembeni na gari ndilo linalogonga ukuta. Anajifunza kona, anajifunza kasi, anajifunza hasira ya kushindwa, na mwili wake uko salama. Kisha karti: sasa mwili wake umo ndani, lakini uwanja umezungushiwa matairi, ana kofia ngumu na glavu, kuna mtu mzima mwenye bendera anayeweza kusimamisha kila kitu, na wanaoshindana naye ni wa rika lake. Ngazi kwa ngazi hatari iliongezwa kadiri ustadi ulivyoongezeka, na kila ngazi ilikuwa na mtu aliyeshika kamba.

Alipokuwa na miaka 14 hivi, Australia ikawa ndogo kwake. Mashindano ya karti yenye kuonekana yako Ulaya. Familia ikakata shauri ahamie Uingereza, na baba akafuatana naye. Kwa takriban miezi 6 Chris Piastri aliishi huko na mwanawe, huku mkewe Nicole amebaki Melbourne na mabinti watatu wadogo. Baada ya hapo kijana aliingia bweni katika shule ya Haileybury, nje ya London, akasoma kama vijana wengine siku za wiki na kwenda mashindanoni siku zinazobaki, hadi akamaliza masomo yake.

Kuna jambo hapo linalonisumbua, nami sitalificha. Mtoto wa miaka 14 kutenganishwa na mama yake kwa safari ya ndege ya siku nzima ni bei kubwa, na hakuna kombe linaloweza kuirudisha miaka hiyo. Sitamshauri mzazi yeyote afanye hivyo kwa urahisi. Lakini natazama namna ilivyofanywa. Baba hakumpakia mtoto ndani ya ndege na kumpa namba ya simu ya mtu asiyemjua. Alikwenda, akakaa, akaona chakula anachokula na watu anaoshinda nao, ndipo akailegeza kamba. Na shule haikukatwa. Mtoto mwenye kipaji kikubwa vile bado alidaiwa hesabu na insha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo hata wajuzi wa mchezo huo waliistaajabia. Mwaka 2019 alitwaa ubingwa wa Formula Renault Eurocup, 2020 wa Formula 3, 2021 wa Formula 2, miaka mitatu mfululizo. Ungedhani mwaka wa nne mlango wa langalanga ungefunguka. Haukufunguka. Mwaka mzima wa 2022 alikaa akiba katika timu ya Alpine, akitazama wengine wakishindana, bila kushiriki mbio hata moja. Alikuwa na miaka 21. Mwaka 2023 akaanza na McLaren, Julai 2024 akashinda mbio zake za kwanza za langalanga kule Hungary, na 2025 akashinda mara 7 na kumaliza msimu katika nafasi ya 3 duniani.

Lakini kwangu ushindi huo haufikii jambo lililompata Machi 2025 mjini kwao Melbourne. Mvua ilinyesha ghafla, naye alikuwa katika nafasi ya pili mbele ya watu wa nyumbani. Gari likateleza, likaishia kwenye nyasi zilizolowa, magurudumu yakazunguka bure. Wenzake wakampita mmoja mmoja. Akahangaika nalo mpaka akalitoa kinyumenyume, akarudi barabarani, akamaliza wa 9. Mzazi anayetazama mtoto wake akirudi kinyumenyume kutoka kwenye tope mbele ya umati wa mji wake anajua kama alimlea au alimpeleka tu mashindanoni. Wiki iliyofuata, China, kijana alishinda.

Najua msomaji wa Nyamaiya au Suneka anachotaka kuniambia. Huyo ni mtoto wa tajiri. Ni kweli. Hakuna bonasi ya chai iwezayo kulipia msimu mmoja wa karti barani Ulaya, na mkungu wa ndizi unaopakiwa lori usiku kwenda Nairobi haununui hata matairi yake. Hata hapa Kenya mchezo huu umekuwa wa nyumba ambazo tayari zimo ndani yake. McRae Kimathi, Mkenya aliyeingia mashindano ya vijana ya mbio za magari za dunia mwaka 2022 na kuanzia kwenye theluji ya Sweden, ni mwana wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani na mmoja wa walioirudisha Safari Rally katika kalenda ya dunia mwaka 2021. Hata jina la kwanza la kijana huyo limetokana na Colin McRae, bingwa kutoka Uskoti. Nyumba kama hiyo ina gari uani na mwalimu mezani.

Hata hivyo tutazame jirani. Ukipanda kutoka Nyamira kupita Chepilat na Sotik, unafika Kericho, na Kericho ndiko alikozaliwa Joginder Singh mwaka 1932. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na kijana alikulia kwenye spana na grisi. Mwaka 1965, akiwa na kaka yake Jaswant kando yake, alishinda Safari kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Akashinda tena 1974, na tena 1976. Urithi wake kutoka kwa baba ulikuwa sikio la kuisikia injini inapougua kabla haijafa, na hilo lilitoka katika saa nyingi za mtoto kusimama karibu na mtu mzima anayefanya kazi yake vizuri na asiyemfukuza. Saa hizo hazihitaji utajiri. Zinahitaji mtu mzima aliyepo, na hapo ndipo wengi wetu tuna deni.

Sisi wa Gusii tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba mtoto wa mteremko anaweza kufika mwisho wa dunia, na ushahidi huo unapita Melbourne hiyohiyo. Mwaka 1956, miaka 45 kabla ya Piastri kuzaliwa katika mji huo, Kenya ilipeleka timu ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Nyandika Maiyoro, mtoto wa milima hii, akakimbia mita 5,000 na kumaliza wa 7. Miaka miwili kabla alikuwa wa 4 katika maili tatu kule Vancouver. Miaka minne baadaye, Roma, akawa wa 6. Siku ya kufungua michezo ile ya Melbourne, kijana wa miaka 19 wa mji huo, Ron Clarke, ndiye aliyeingiza mwenge uwanjani na kuuwasha moto. Clarke alikuja kuvunja rekodi za dunia kwa wingi. Na aliyekuja kumshinda, kwanza Kingston mwaka 1966 kisha Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, alikuwa Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira. Katika mita 10,000 za Mexico, hewa nyembamba ya mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari ilimwangusha Clarke mstarini akahitaji oksijeni. Temu alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, Munich, wakimbiaji watatu kati ya wanne waliotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana za 4 kwa 400 walikuwa wa Gusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang.

Watu hupenda kusema hiyo ni damu, au ni milima, au ni kukimbia kwenda shule. Milima ipo hata leo, na watoto bado wanakimbia kwenda shule. Kilichokuwepo wakati ule ni ngazi. Tangu chama cha riadha kilipoundwa mwaka 1951, mashindano yalishuka hadi lokesheni. Mtoto aliyeshinda lokesheni alikwenda wilaya, kisha jimbo, kisha taifa, na kila pahali palikuwa na mwalimu au afisa aliyeandika jina lake na muda wake kwenye daftari. Mzazi asiyejua kusoma aliweza kumwachia mtoto wake mwalimu huyo kwa imani. Wengine wakashikwa na jeshi, kama Temu, wakapata chakula cha kutosha na saa za mazoezi. Kijiji kizima kilikuwa omosegi, ingawa hakuna aliyekiita hivyo.

Na tuseme lote. Mikono hiyo ilishika hadi medali ilipopatikana, ikaachia. Temu alifariki Machi 2003 akiwa na miaka 57, na wengi wetu tulikumbuka kwamba yupo siku ile tuliposikia kwamba hayupo. Malezi ya kipaji yanayoishia kwenye jukwaa la ushindi yamemlea mshindi, yakamwacha mtu.

Narudi kwa mpwa wangu.

Mtoto anayeijua kona kabla haijafika, katika Nyamira ya leo, hana karti, hana uwanja uliozungushiwa matairi, hana mtu wa bendera. Ana bodaboda. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na katika muda mfupi zikajaa kila steji kutoka Keroka hadi Ogembo. Sizilaani. Zimewabeba wajawazito usiku wa manane, zimewafikisha watoto shule, zimezilisha nyumba ambazo mashamba yake yamegawanywa hadi yakabaki mistari michache ya chai. Lakini kwa mvulana mwenye kipaji cha mwendo, pikipiki ni kuruka kutoka kwenye kigari cha beringi moja kwa moja hadi barabara kuu yenye malori, bila ngazi yoyote katikati.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 14. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua zimeshika, chai imechipua, na magunia ya majani yalikuwa mengi kuliko migongo ya kuyabeba hadi kituo cha kununulia. Jirani akampa pikipiki yake apeleke gunia moja. Akalipeleka, akarudi upesi bila doa. Akapewa la pili. Ndani ya wiki moja alikuwa akibebea watu watano majani yao, na kila jioni aliweka mezani shilingi mia mbili, mia tatu. Dada yangu alizipokea. Mimi nilikuja kuwasalimu Jumamosi moja, na nilipotaka kuondoka mvua ilikuwa karibu. Kijana akasema, "Mjomba, panda nikufikishe steji." Nikapanda.

Nilikaa nyuma ya mtoto asiye na leseni wala kofia ngumu, na nikafurahi. Aliichukua kona ya pale kwenye daraja kwa upole mkubwa, akalegeza mafuta mapema, akaifungua pikipiki tulipoanza kupanda. Aliendesha vizuri kuliko watu wazima ninaowalipa. Nilipofika steji nikamwambia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Una mkono, kijana." Nikampa shilingi mia.

Ile miaka mitatu nilipomnyima sifa yake, sifa ilikuwa salama: kigari kilikuwa cha mbao na kamba ilikuwa mkononi mwa binamu yake. Nikaja kumpa sifa siku ambayo hakuna aliyekuwa ameshika chochote, na bado nikamlipa.

Siku kumi baadaye alianguka. Magunia mawili, mteremko wa changarawe uliolowa, na lori la ndizi likipanda katikati ya njia. Waponda mawe waliokuwa kando ya barabara walisema hakuwa na kosa katika kuendesha, kwamba alichagua mtaro kwa makusudi asigongane na lori, na nadhani walisema hivyo ili kutufariji, ingawa yawezekana ni kweli. Paja lilivunjika. Hospitalini, kwenye wadi ya mifupa, vitanda vilikuwa vimejaa vijana, miguu imening'inizwa kwa mawe na kamba. Dada yangu alikaa kando ya kitanda na kibuyu cha uji. Alikuwa anamwita "tata", kama mama wa Gusii anavyomwita mwanawe kwa mapenzi, neno lenye maana ya baba.

"Kaka," aliniambia tulipotoka nje, "zile hela nilizihitaji."

"Najua."

"Ningemkataza nani angeniletea sukari?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo jibu nililo nalo si la kumtupia yeye. Alikuwa amebaki peke yake na watoto wanne. Tuliopaswa kuwa omosegi wa kijana yule tulikuwa wengi: mimi mjomba, jirani mwenye pikipiki, wenye magunia, kila aliyesimama kituoni akimwona mtoto anashuka kwenye pikipiki iliyomzidi kimo na akageuka kupima majani yake. Kila mmoja wetu alikitumia kipaji chake. Huo ndio usaliti ninaouogopa kuliko wote katika malezi, kwa sababu unafanana sana na upendo. Mtoto hodari shambani anapewa jembe la mtu mzima. Msichana mwenye huruma anageuzwa yaya wa ukoo. Mwenye hesabu kali anashinda dukani akitoa chenji badala ya kusoma. Tunasema tunamkuza, kumbe ni sisi tunaojipumzisha juu yake.

Kukataza peke yake nako hakutoshi. Nimewasikia wazazi waliovunja vigari kwa shoka baada ya ajali ya mtoto wa mwenzao, na naielewa hofu yao. Lakini mtoto wa namna ile ukimvunjia kigari, atakwenda kutafuta kasi mahali usipopaona. Afadhali anaposhuka mteremko uwe unamwona. Mzazi asiye na uwezo wa Melbourne bado anaweza kumpeleka mtoto kwa fundi mwaminifu Jumamosi mbili kwa mwezi, asimame naye hapo siku za kwanza, amjue fundi kwa jina na kwa tabia. Anaweza kumwambia waziwazi: pikipiki hugusi mpaka umri wa leseni, na sababu ni hizi. Anaweza kuwaambia majirani vivyo hivyo, ambalo ni gumu zaidi, kwa kuwa kijijini mtu anayekataa mtoto wake asitumwe huonekana ana maringo. Na anaweza kumwambia mtoto "nimekuona" kwa sauti inayosikika, mapema, wakati sifa haimgharimu mtu mguu.

Kijana alikaa na plasta wiki nyingi, akarudi shule kwa magongo, akarudia darasa. Mguu ule umebaki mfupi kidogo. Sasa kila Jumamosi anashinda kwa fundi mmoja wa Kebirigo, yuleyule aliyempa beringi mbili kati ya zile nne. Kwa muda wa mwezi wa kwanza nilikwenda naye, nikakaa juu ya tairi kuukuu nikisoma gazeti, hadi fundi mwenyewe akaniambia naweza kubaki nyumbani.

Desemba iliyopita niliwatembelea tena. Mdogo wake, mwenye miaka 9, alikuwa amekifufua kigari cha zamani, mbao mbili mpya, beringi zimepakwa mafuta ya taa. Alikuwa ameshakaa juu yake, magoti kifuani, akiutazama mteremko. Kamba ya nyuma haikuwepo. Labda ilifungia mbuzi. Kaka yake alimshika bega akamzuia, akaenda kwa mwendo wake wa kuchechemea hadi zizini, akarudi na kamba, akainama akaifunga kwenye msumari. Aliivuta mara mbili, akaongeza fundo la tatu, kisha akajizungushia ncha kwenye kiganja.

"Haya," akamwambia. "Lakini pole pole, maana mimi siwezi kukimbia sana."